Ko! Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Gari langu lilikuwa na tabia moja ya ajabu. Nikienda nalo peke yangu, kimya. Nikiwapeleka watoto shule, kimya. Nikibeba mihogo, kimya. Lakini siku nikimbeba mama mkwe, lilikuwa likigonga. Kwenye shimo, ko! Kwenye tuta, ko-ko! Na sauti haikutoka mbele wala katikati. Ilitoka nyuma kulia, chini kabisa ya kiti alichokalia yeye, kana kwamba kuna mtu amejificha huko na nyundo akimsubiri.

Ili uelewe ubaya wa jambo hili, inabidi kwanza nikueleze namna tunavyosafiri, mimi na mama mkwe.

Familia ya mke wangu imeshika mambo ya zamani. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima tu. Mkikutana njiani unampisha, unainama kidogo, unasalimia ukiwa unaangalia ndala zako. Hata maneno hayaendi moja kwa moja, yanapita kwa mtu wa tatu. Mke wangu akiwepo, yeye ndiye anayepeleka na kurudisha. Asipokuwepo, mtoto yeyote anatosha. Na kama hakuna mtoto, hutumika chochote chenye masikio.

Sasa jaribu kuitunza heshima hiyo ndani ya gari dogo. Mama mkwe hukaa nyuma ya kiti cha dereva, anione kisogo tu. Mimi hukigeuza kile kioo cha ndani kitazame dari, nikabaki na vioo vya pembeni. Redio huizima, kwa sababu nyimbo ninazozipenda mimi zina maneno ambayo mtu hawezi kuyasikiliza pamoja na mama wa mke wake akabaki na uso. Madirisha huyapandisha, vumbi lisimguse. Kisha naondoka kwa mwendo wa mtu aliyebeba trei la mayai kichwani.

Na hapo ndipo lilipokuwa likianza. Ko!

Ijumaa moja nilimchukua sokoni Chikongola kumrudisha kwake Mtawanya. Mke wangu alibaki kununua vitu, kwa hiyo ndani ya gari tulikuwa mimi, mama mkwe, na kuku mweupe aliyefungwa miguu, amelazwa kwenye kikapu. Mbele ya maduka pale kuna tuta, na ng'ambo ya tuta kuna benchi la wanywa kahawa, wazee kwa vijana, watu ambao kazi yao ni kutolea maoni kila kinachopita. Nililipanda tuta taratibu, kwa adabu zote.

Ko-ko!

"Jamani, gari linaomba msaada!" akasema mmoja.

"Wapi," akajibu mwingine, kikombe mkononi. "Linataja kilo za abiria."

Benchi zima likacheka. Nilikaza macho mbele kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Tulikuwa tumeshaacha maduka mbali ndipo mama mkwe aliposema, kwa sauti ya upole kabisa:

"Wewe kuku, umeyasikia?"

Kuku hakujibu.

"Basi mwambie huyo baba anayetuendesha kwamba mimi sikuzeeka ili niwe kichekesho cha wanywa kahawa. Jumamosi ijayo, siku ya mwali, aende na gari lake. Mimi nitabaki nyumbani."

"Kuku," nikasema, "tafadhali mweleze mama kwamba inayogonga ni gari. Yeye hahusiki hata kidogo."

"Kuku, hebu muulize. Akiwa peke yake linagonga?"

Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu kwamba nikiwa peke yangu haligongi, na mke wangu, kama nilivyosema, hupeleka na kurudisha. Nikamwachia kuku ajibu.

Siku hiyo ya mwali haikuwa jambo la kuachwa hivi hivi. Mjukuu wa kwanza wa kike wa mama mkwe, binti wa shemeji yangu mkubwa, alikuwa ndani akifundwa huko kijijini kwao, bondeni mwa Ruvuma, na Jumamosi ndiyo alikuwa anatolewa. Bibi ndiye wa kumfunga kanga mpya, kumshika mkono na kumtoa nje mbele ya watu. Bibi asipofika, mtoto anatolewa kwa mkono wa mtu mwingine, na habari hiyo inabaki kwenye ukoo. Kwenda kwa pikipiki ni jambo ambalo hata kulitaja mbele yake ni utovu wa nidhamu. Magari ya abiria ya kule yanataka magoti yanayokunjika, na ya kwake yaliacha kukunjika zamani. Lilibaki gari langu. Na gari langu, kwa ushahidi wa benchi zima la Chikongola, lilikuwa linataja kilo.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Mama asipofika, utawaeleza wewe." Akilini niliwaona shemeji mkubwa na shangazi wote wa kijiji wamejipanga wakisubiri maelezo yangu, nikachukua funguo nikaenda gereji.

Gereji ninayoitumia iko Chuno, banda la mabati pembeni ya nyumba inayojengwa. Fundi wangu ni mtani wangu. Yeye Mmakonde, mimi Myao, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana kabla ya salamu, nami nina ruhusa ya kumrudishia. Ni fundi mzuri, mwenye mikono mizito na masikio mepesi. Kasoro yake ni kwamba hawezi kukaza nati hata moja bila muziki.

Hapa nisimame kidogo nimsaidie mwenye gari linalogonga, kwa sababu watu wengi hukimbilia kununua vipuri kama mtu anayekunywa dawa kabla ya kujua anaumwa nini. Usinunue kitu kwanza. Sikiliza. Mlio kama wa mlango mkavu mara nyingi ni raba zilizokauka. Mlio wa ko, wa chuma kupiga chuma, maana yake kuna kitu kimelegea mahali fulani na kinapata nafasi ya kucheza. Kisha jiulize linagonga lini: ukikata kona, ukishika breki, au ukipita kwenye shimo? Likiwa tupu au likiwa na mzigo? Ukiyajibu hayo kwa utulivu, umeshafika karibu na ugonjwa. Si kazi ya miujiza, na wewe unaweza.

Mimi niliyajibu kwa utulivu kabisa. "Linagonga kwenye mashimo na matuta," nilimwambia fundi, "nyuma kulia, akipanda mama mkwe."

Fundi aliweka spana chini. "Akipanda nani?"

"Umesikia."

"Rudia, mtani. Leo siku yangu ilianza vibaya."

Alipomaliza kucheka alilichukua gari, akaunganisha simu yake na redio, akalizungusha Chuno nzima kwa kasi ya mtu anayewahi futari. Akarudi. "Gari zima. Mgonjwa ni wewe." Tukalikagua hata hivyo. Alikandamiza kona ya nyuma kwa mikono miwili akaiachia: gari lilipanda, likatulia papo hapo, dalili kwamba shokapu, ile inayozuia gari lisirukeruke kama mpira, bado ina nguvu. Akaliinua kwa jeki, gurudumu likaning'inia, akalishika juu na chini, akalitikisa, akaishika shokapu yenyewe akaivuta. Hakuna kilichocheza.

"Basi kilichobaki ni mzigo," akasema. "Mlete mama apande, nisikilize."

"Kasema hapandi tena."

"Basi niambie kilo zake, tuweke mzigo wa namna hiyo."

Lilikuwa wazo la kitaalamu, sikatai. Nikaenda nyumbani, nikamkuta mke wangu anamenya mihogo. Nikauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa:

"Hivi mama ana kilo ngapi?"

Kisu kilisimama. "Unataka kumpima mama yangu?"

"Siyo mimi. Fundi ndiye anayetaka."

"Na fundi ananunua?"

Nikarudi gereji bila jibu. Ikabidi tukadirie. Pale kwenye nyumba inayojengwa kulikuwa na lundo la mchanga, na viroba vitupu vilikuwepo. Tukajaza, tukavibeba hadi kwenye kiti cha nyuma kulia, tukasimama kutazama.

"Inatosha," akasema fundi.

Niliangalia jinsi gari lilivyokaa. "Weka kidogo tena."

"Mtani! Umesema weka tena?"

"Sijasema kitu."

"Nimesikia kwa masikio haya. Ushahidi ninao mpaka siku utakayokufa, na matangani nitausoma."

Alipoongeza mchanga akaona viroba vinachafua kiti. Kwenye buti akakuta kanga ya zamani, akavifunika, akaizungusha, akaifunga fundo juu kama mtu ajifungavyo akienda msibani. Nikamwambia aache. Akasema mama hawezi kukaa wazi mbele ya mkwe wake. Tukapanda, mimi kwenye usukani, yeye pembeni, redio ikiunguruma, madirisha chini.

Tukapita kila shimo ninalolijua. Hakuna ko.

"Mama, umekaa vizuri huko?" fundi aliuliza kiroba. "Anasema yuko sawa. Anasema mkwe wake anaendesha kama anakimbizwa."

Nilianza kuingiwa na huzuni. Mzigo upo, upo mahali pake, na gari kimya. Maana yake ni nini? Kwamba gari lilikuwa na kitu na yule mama, binafsi? Fundi akasema tufike Chikongola tuchukue bushi, zile raba za mviringo zinazokaa kwenye maungio ya chuma, angalau tubadilishe za mbele, kwani sauti hutembea ndani ya bodi na huenda inatudanganya inakotoka. Hilo ni kweli, hutokea. Kuna familia moja ya Kihindi pale, wafanyabiashara tangu enzi za babu zao waliokuwa Mikindani, wana duka la milango miwili: upande mmoja vitambaa na kanga, upande wa pili vipuri. Tukaelekea huko, muziki juu, kiroba kimekaa nyuma kwa heshima yake.

Nilikuwa nakaribia lile tuta nilipomwona. Mama mkwe, kwenye ngazi ya duka la kanga, ameshika kanga mpya mkononi anaitazama kwenye mwanga. Alikuwa akimnunulia mwali. Kama haendi, angalau kanga iende.

Mikono yangu haikuniuliza. Mmoja ulizima redio. Mwingine ulipandisha dirisha, kisha ukakigeuza kioo cha ndani kikatazama dari. Mguu wenyewe ulilegea, na gari likashuka hadi mwendo ule wa mayai. Likalipanda tuta taratibu, kwa adabu zote.

Ko-ko!

Mimi na fundi tulitazamana. Benchi la wanywa kahawa lilikuwa limegeuka lote. Na kwenye ngazi, mama mkwe aliikunja ile kanga polepole, akamgeukia mwenye duka, akamwambia kwa sauti iliyofika kila mahali ilipotakiwa kufika:

"Mwanangu, hebu waulize hao wanaokunywa kahawa. Leo mimi nimekaa wapi?"

Mwenye duka, mtu mpole mwenye tepu ya kupimia shingoni, alielewa papo hapo kwamba amepewa kazi kubwa. Akajinyoosha. "Mama, umesimama dukani kwangu. Mashahidi tupo."

"Na gari limelia?"

"Limelia, mama, wallahi. Nimelisikia."

"Basi waambie wahesabu kilo zangu hapa hapa niliposimama."

Mmoja aliinamia kikombe chake kana kwamba kilikuwa na maandishi. Nilikuwa nimeanza kufurahi, na nilifurahi mapema mno, kwani mama mkwe alikuwa ameshasogea hatua moja na sasa anatazama dirisha la nyuma.

"Mwanangu," akamwambia tena mwenye duka, "na muulize fundi: huyo mama aliyevaa kanga yangu ni nani?"

Kanga ilikuwa yake. Aliisahau kwenye buti tangu msimu wa korosho.

Fundi, mtu ambaye hajawahi kukosa neno maishani, alinyoosha mkono nyuma, akaliweka sawa fundo la kanga. "Ni... mgeni, mama."

"Mgeni ni mnene."

"Mkwe ndiye aliyesema tuongeze," akasema fundi haraka, na kwa hilo sijamsamehe mpaka leo.

Mama mkwe aliigeukia tena ile kanga mpya. Mabega yake yalitikisika kidogo, na kwa kuwa siruhusiwi kumtazama usoni, sijui mpaka leo alikuwa anakasirika au anacheka. "Mwambieni mgeni," akasema mwishowe, "kanga irudi imefuliwa."

Tulirudi Chuno tukiwa watu wapya. Njiani tulifanya jaribio ambalo tulipaswa kulifanya tangu mwanzo. Redio juu, mwendo wa kawaida: kimya. Redio imezimwa, mwendo wa kawaida: kitu kidogo, mbali, unaweza kukidhania kokoto. Redio imezimwa, madirisha juu, taratibu: ko! Tukashusha viroba vyote barabarani, gari tupu kabisa, taratibu: ko! Sauti haikuwa imeanza na mama mkwe. Ilikuwepo nilipowapeleka watoto, ilikuwepo kwenye mihogo, ilikuwepo fundi alipokuwa akizunguka mtaa na muziki wake. Sisi ndio tulikuwa hatupo. Yeye ndiye abiria pekee niliyempa ukimya wa kutosha kuisikia.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye gari linalogonga, kabla hujafungua nati yoyote, zima redio. Kisha endesha kama umembeba mama mkwe.

Lilibaki swali la fundi: kwa nini hatukuona kitu tulipoliinua? Alikaa kwenye ndoo akafikiri. Halafu akapiga paja. Gari likiinuliwa kwa jeki, gurudumu linaning'inia, na uzito wake unaivuta shokapu kwenda chini. Kilicholegea kinakazwa na mvuto huo, kinajifanya kizima. Ni kama mgonjwa anayesimama wima mlango wa daktari ukifunguliwa. Lazima umwone akiwa kwenye hali yake ya kila siku. Tukaliacha gari chini, limesimama kwa magurudumu yake manne. Mimi nikasimama nyuma nikawa nalitikisa, juu chini, polepole, naye akalala ubavu chini ya bodi, kiganja chake kimeshika mguu wa shokapu ya kulia.

"Tikisa. Tena. Tena... Huyu hapa!"

"Umemwona?"

"Nimemshika. Njoo uweke mkono."

Nikalala mchangani, yeye akatikisa. Niliusikia kwenye vidole, mgongano mdogo, tk, tk, kama moyo wa ndege. Bushi ya chini ya shokapu ilikuwa imelika upande mmoja. Tundu lake, linalotakiwa kuwa duara, lilikuwa limekuwa yai, na boliti ikawa inatembea humo ndani inavyotaka. Shokapu yenyewe haikuwa na neno. Tulitoa raba ile kuukuu, tukaingiza mpya kutoka lile duka la Chikongola, tukarudisha boliti. Na jambo moja nililojifunza hapo nakupa bure: usiikaze boliti ile moja kwa moja gari likiwa juu ya jeki. Ishike kidogo tu, lishushe gari likae kwenye uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa hewani, raba itajipinda mara likishuka, na muda si mrefu utarudi gereji.

Mke wangu alipeleka taarifa Mtawanya. Alirudi na jibu. "Mama anasema atapanda. Ila njia atachagua yeye."

Jumamosi asubuhi alitoka amevaa vitenge vipya, kanga ya mwali imefungwa kwenye mfuko, na kikapu mkononi. Kuku mweupe, yule yule. Mke wangu alikaa mbele pembeni yangu, lakini mama mkwe alishazoea mjumbe wake. Nikageuza kioo, nikazima redio, nikashika dirisha nilipandishe.

"Kuku, mwambie aliache wazi. Na apitie Chikongola."

Chikongola haikuwa njia ya kwenda Ruvuma. Hakuna aliyelitaja hilo. Benchi lilikuwa limejaa. Nililipanda tuta kwa mwendo wa mayai, gurudumu kwa gurudumu, madirisha yote chini. Gari lilipanda, likashuka. Kilichosikika ni vikombe vya muuza kahawa tu.

Nilipoanza kuongeza mwendo, sauti ya upole ikatoka nyuma:

"Kuku, mwambie ageuze. Yule mwenye kofia kushoto alikuwa anaongea na simu, hakusikiliza."

Nikageuza. Tukalipanda tuta mara ya pili, na yule mwenye kofia akashusha simu, akasimama, akainamisha kichwa. "Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu mama mkwe, akatazama mbele kama mtu anayepita kwenye zulia jekundu.

Njia ya bondeni ina vumbi na mashimo ya kila namna, na gari halikufungua mdomo hadi mbele ya nyumba ya shemeji, ngoma zikiwa zimeshaanza. Mwali alitolewa kwa mkono wa bibi yake. Mimi nilikuwa mbali, upande wa wanaume, lakini nilivisikia vigelegele vyake kabla ya vya wengine. Shemeji mkubwa hakudai maelezo yoyote.

Kuku yule, aliyejua mambo yetu yote, alipikwa mchana huo. Kurudi, mama mkwe hakuwa tena na wa kumtuma, na mke wangu alikuwa amesinzia. Tulikuwa tumeshapita nusu ya njia niliposikia anakohoa kidogo nyuma ya kisogo changu. Kisha akaongea na kikapu kitupu.

"Kikapu, mwambie anaweza kufungulia redio. Lakini taarifa ya habari tu."